Hesabu Huanzia Chini

Jiwe nililotupa mferejini Ombeyi
liliacha duara, na duara likapanda
polepole, kinyume cha maji,
mpaka kwenye matete.
Nikaandika: mkondo mtulivu.
Hapo ndipo hesabu hugeuka:
huanzia chini, ikapanda.

"Maji hufuata mkondo," alisema Mama Nerea Adoyo,
mguuni buti za mpira za marehemu mumewe,
"na mkondo watoka Nandi. Kawaulize wa Nandi."
Nandi haikunyesha siku tisa.
Maji hufuata mkondo, naam.
Ila habari za maji, yakitembea bila haraka,
hurudi nyuma.

Basi nikaanzia kalvatini.
Mstari wa tope ukutani: mita moja na sentimita themanini.
Hatua hamsini juu. Nakisia kina,
nakokotoa nishati, nalinganisha; hazilingani.
Nakisia tena. Nafuta kwa kidole chenye tope.
Ukwaru wa mfereji, kitabu chasema thelathini kwa elfu.
Kitabu hakijaona gugumaji.
Nikaweka sabini.

Hatua mia. Mia na hamsini. Mpunga wa Onditi
umelala kifudifudi.
Mteremko hapa ni jina tu,
sentimita mbili kwa hatua mia,
na maji huku juu husubiri ruhusa ya yale ya kule.

Mchoro una mabomba matatu.
Chini ya barabara yamelala mawili.
La tatu liko Rabuor, nyuma ya ghala la mkandarasi,
vipande sita; mbuzi hujisitiri jua humo,
na kuku mmoja hutagia.

Saa kumi na nusu hesabu ilifika mlangoni pake:
arobaini na moja juu ya kizingiti.
Akainua kalenda ya kanisa. Chini yake, alama ya mkaa,
ya Jumanne, maji yalipokoma kupanda.
"Pima."
Arobaini na tatu.
"Hizo mbili zangu umezipeleka wapi?"
Labda gugumaji. Labda tope nililisoma vibaya.
Sikumjibu. Nilimpa jiwe.

Akatupa kigae cha chungu badala yake,
kule chini, mbali alivyoweza.
Viduara vikaja, vikapanda uani,
vikamgusa buti.
"Kumbe aliyeniziba yuko mbele."

Akanyamaza kitambo.
Kisha: "Kipande kimoja kina uzito gani?"
"Kama kilo mia saba."
Akakunja kidole cha kwanza,
akaanza kutaja majina.