Kipengele cha Kumi na Saba

Eleza mlivyokutana. Maneno yasizidi mia mbili.

Nimekaa stesheneri ya Mama Nyendo, nyuma ya soko la Majengo,
feni inazungusha vumbi lilelile la jana,
kijana wa kuchapa ananiuliza, "Baba, tuanzie wapi?"
Tuanzie Hombolo, namwambia. Andika:
alikuja na kliniki ya watoto, pikipiki ikamzimikia
kando ya shamba langu la zabibu.
Nilimpa kishada kimoja. Akala, akasema zabibu chachu hizi.
Nikampa kingine. Akasema na hizi pia.
Akamaliza.
Kijana anasubiri, mikono juu ya kibodi.
"Endelea baba, bado una maneno mengi."
Lakini mimi nimeshafika mwisho.

Ambatisha uthibitisho.

Cheti cha ndoa kipo, kimelainika kwenye mikunjo.
Picha ni tatu. Mpiga picha alihamia Kahama
na harusi yetu yote mfukoni,
na katika hizo tatu, moja Sechelela amefumba macho.
Mahari: ng'ombe kumi na wawili, na mbuzi wa mjomba.
"Risiti?" anauliza kijana. Hana ubaya,
fomu ndiyo inayouliza.
Risiti zina kwato, nikamwambia. Ziko Handali.
Zimeshazaa.

Mazungumzo ya simu, miezi kumi na minane:
kurasa mia nne na sita. Chagua, akasema.
Nichague yapi?
"Umekula?"
"Nimekula."
"Nini?"
"Ugali na mlenda."
"Huku saa kumi na nusu tu, giza limeshaingia."
"Funga mlango."
"Nimefunga."
Afisa wa Ayalandi atayapitia haya
akilitafuta neno mpenzi, asilione.
Hatajua kwamba lilikuwa kwenye mlenda.

Polisi, kwa cheti cha tabia njema,
walinipaka wino vidole vyote kumi.
Koplo Mbeleje akaiinua karatasi dirishani:
madoa, basi. "Mzee, wewe huna alama."
Nina miaka thelathini na minane.
Ni jembe, afande. Ni mkasi wa kupogolea.
Ni zege la Mtumba, nililobeba wizara zilipokuwa zinahamia.
"Kapake mafuta wiki mbili. Usishike kazi. Urudi."

Wiki mbili, na huu ndio wakati wa kupogoa!
Nikakaa kama bwana harusi, mikono juu ya mapaja,
nikiitazama mizabibu ikirefuka ovyo.
Usiku napaka mafuta, nalala nimevaa soksi mikononi.
Nilipomsimulia Sechelela, alicheka mpaka akakohoa,
akanyamaza,
nikasikia kengele ya mgonjwa ikimwita kwenye wodi ya wazee,
naye akasema upesi, kwa sauti ya chini:
"Alama unazo. Mgongo wangu unazijua."
Huo ukurasa sikuuchapisha.

Kipengele cha kumi na saba:
Je, mnakusudia kuishi pamoja daima?

"Ndiyo, si ndiyo baba?" Kidole chake kiko tayari.
Nikaifikiria mizabibu mia tatu na arobaini.
Nikamfikiria mama, anayeuliza kila Jumapili
kama nchi ile ina kuni.
Nikakifikiria kitanda, upande wake,
ambako siku hizi naweka mkasi na redio,
na jinsi nisivyowahi kulala katikati.
"Baba, kuna foleni."
Andika ndiyo.

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kikaleta mstari mmoja: ombi lako limepokelewa.
Nikatoa noti ya elfu kumi, nikaiweka kaunta,
na nilipoondoa mkono nikaliona hapo juu ya karatasi
dole gumba langu, la mafuta, zima,
mistari yake yote imejipanga kama matuta.
Nilitaka kumwita koplo.
Mama Nyendo akaitia kwenye droo,
akanirudishia mia tano.