Kishikio cha Joto

Haikukohoa. Haikulia. Hilo ndilo Shekue alilolirudia
mbele ya bwana wa bima, kofia ya urubani mapajani:
"Ilipungua tu, kama mtu aliyechoka kusimulia."
Sindano ya mizunguko ikashuka taratibu,
elfu mbili na mia tatu, elfu mbili, elfu na mia saba,
na chini yake mabati ya Likoni yakikua.

Mikoko, hapana. Minazi, hapana.
Uwanja wa shule, watoto mapumzikoni.
Ndipo akaiona barabara ya Dongo Kundu,
ingali kifusi, haijaonja lami.
Wajenzi wakatupa sururu, wakalala mtaroni,
ndege ikapita juu ya migongo yao
kimya, kama mtu aliyechelewa swala.

Waliniletea karakana, Port Reitz, juu ya trela,
bawa moja limekunjika kama sikio la mbuzi.
Nikaifungua kifua.
Petroli: safi, buluu, haina tone la maji.
Plagi: kavu. Magneto: cheche kali.
Kabureta nikaichungulia,
koo lake safi kuliko langu.
Nikaandika: *Sikuona kitu. Mwachiti, fundi.*
Bwana wa bima aliipenda sana sentensi hiyo.
"Basi ni mtu," akasema, akafunga kalamu.

Wiki nzima Shekue hakuja kunywa chai.

Ijumaa, jua la utosi, Magongo,
nikanunua barafu ya ukwaju kwa Mama Dzame.
Kijifuko kikatoka jasho kiganjani mwangu,
maji ya hewani, ya hewani tu,
yakijikusanya penye baridi.
Nikasimama pale, ukwaju ukinichuruzika hadi kiwikoni.

Koo la kabureta hupoa likivuta pumzi.
Mvuke wetu huu, tunaoulaani usiku tukigeuza mito,
uliingia humo, ukaganda, ukakaba,
ukaishusha ndege kwenye kifusi,
kisha ukayeyuka kabla sijafika na bisibisi.
Mwizi aliyekunywa nyayo zake.

Pale mbele ya rubani kuna kishikio kidogo.
Ukikivuta, injini hupewa hewa ya moto.
Shekue hakukivuta.
Na nani, Mombasa, huomba joto?

Nimeichukua tena ile karatasi.
Penye *Sikuona kitu* nimeongeza:
*kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa barafu.*
Bwana wa bima atacheka. Acheke.
Shekue nimemtumia ujumbe: chai ipo.