Mizani

Msinitafutie mizani katika mistari hii.
Vina sina, na mizani
niliiacha ghalani Tutuo, inaning'inia kwenye boriti,
mshale wake ukiniangalia.

Nilikuwa karani wa chama, miaka kumi na minne,
kalamu sikioni, kaboni katikati ya kurasa,
vidole vya njano kwa utomvu wa tumbaku.
Wakulima waliniita Mwalimu
kwa kuwa nilisoma namba ambazo wao
walizichungulia kwa mbali, nyuma ya bega langu.

Kilo nne kila belo.
Nne ni unyevu, nilijiambia. Nne ni kamba na gunia.
Goti langu liligusa belo kwa chini
kidogo tu, kama mtu aliyechoka kusimama,
na mshale ukashuka.

Nyanzala Kapaya, mjane wa Ipole,
alileta mabelo kumi na moja
mwaka ambao mvua ilinyesha ya kuhesabu matone.
Akalitazama goti. Akautazama mshale.
"Haya, karani," akasema,
akachovya dole gumba kwenye wino.

Kilo arobaini na nne.
Nikaezekea bati chumba cha uani.
Yeye akauza baiskeli ya marehemu,
na Mhoja wake, aliyefaulu, hakurudi shule.
Tangu hapo mvua ikianza Sikonge
watu hushukuru. Mimi husikiliza bati:
nne, nne, nne, nne, mpaka alfajiri.

Nimeimba kwaya juu ya jambo hili.
Nimetoa sadaka ya mbuzi, ya saruji, ya kengele.
Nimepiga magoti mbele ya meza ya Bwana
na moja ya magoti hayo ni lile lile.

Mchungaji Kipamila alinisikiliza hadi mwisho,
chai yake ikaota utando.
"Mungu amekusamehe," akasema,
"tena kabla hujafika nusu ya maneno yako.
Lakini Nyanzala hakuwamo humu ndani."
Akanywa ile chai, baridi vile vile.

Mara nne, ndivyo tulivyofundishwa utotoni
kuhusu mtu arudishaye alichodhulumu.
Nikapiga hesabu kwa bei ya msimu huu:
kilo mia moja sabini na sita.
Nikauza ng'ombe wawili, nikaenda Ipole.

Nilimkuta akikamua masega, nta hadi viwikoni.
Hotuba niliyoikariri njia nzima
ikaniponyoka pale pale mlangoni.
Nikasema tu, "Goti."
Akasema, "Najua."

Nyuki mmoja akatembea ukingoni mwa beseni.

"Na jiwe uliliona?"
Jiwe gani?
"Belo la saba. Nililifungia katikati ya majani.
Kilo mbili. Nimelilia jiwe lile
kuliko nilivyokulilia wewe."
Akacheka. Kisha kicheko kikamwishia,
akafuta uso kwa bega, mikono ikiwa na asali.

"Basi toa mbili," akasema, "halafu ndiyo uzidishe."

Akazihesabu noti, akilamba dole gumba lile,
akanirudishia pesa ya kilo nane, kamili,
hakukubali hata shilingi izidi.
"Yangu nimekuachia," akasema. "Zamani.
Nilichoka kukubeba shambani na kisimani.
Ila baiskeli ile niliipenda.
Na ya Mhoja si yangu kuiachia.
Mtafute mwenyewe."

Akanijazia asali kwenye galoni
bila kupima.

Wanasema Mhoja yuko Mpanda, anachimba dhahabu,
ana watoto watano na hasira za kimya.
Huenda akanipiga. Huenda asinikumbuke,
na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.
Usiku wa jana mvua ilikuja,
bati zikaanza hesabu yao ya siku zote.
Sikuziba masikio. Nilizisikiliza
kama mtu asikilizaye jirani akikohoa,
nikalala katikati ya nne na nne.

Basi linaondoka saa kumi na mbili.
Galoni nimeipakata, haijafungwa vizuri,
inavuja
juu ya goti.