Sababu: Nyingine

Tarehe ishirini na nane, saa kumi alasiri,
ghorofa ya tatu, Barabara ya Ang'awa.
Wingu limeikunjia Kisumu uso
na mimi nina wateja mia nne na kumi wa intaneti ya nyumbani
wa kupandishia bei kabla ya kufunga ofisi.

Mfumo una adabu kumshinda meneja.
Haukubali nifute mkataba wa jana.
Unasema: rekebisha. Unauliza: kuanzia lini?
Nikijaza tarehe mosi Novemba
toleo la kwanza linalala chini na namba yake,
la pili linatandikwa juu
kama shuka safi kwenye godoro lenye doa.

Elfu moja mia tano iwe elfu moja mia nane hamsini.
Saluni ya Mamboleo. Bofya.
Duka la dawa, Kondele. Bofya.
Mwalimu Osogo wa Migosi, aliyebadilisha kifurushi mwezi ukiwa katikati:
mashine inamkatia siku kumi na tatu za bei ya zamani,
kumi na nane za mpya, mpaka senti,
kama mama anayegawa omena kwenye sahani sita
na macho sita yanafuata mwiko.

Nimezoea. Hapo mwanzo kila jina lilikuwa na uso.

Safu ya mia mbili na sita:
Perpetua Nasambu, Manyatta, nyuma ya posho mill.
Shilingi mia sita.
Tangu elfu mbili na kumi na tisa, mia sita!
Bei imepanda mara nne, na mara nne
imepita mlangoni kwake bila kupiga hodi.

Nikafungua historia.
Ni kazi ya Zablon, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
akaondoka na kikombe chake, asiage.
Mfumo humtaka mtu achague sababu ya punguzo:
Ofa. Malalamiko. Hitilafu. Nyingine.
Kila mara alichagua Nyingine,
na pale penye nafasi ya herufi sitini akaandika:

amefiwa na mume, apewe miezi mitatu

kisha: miezi mitatu haikutosha

kisha: iangaliwe tena Juni

kisha, Juni hiyohiyo: nimeangalia

Radi. Taa zikazimika mtaa mzima,
betri chini ya meza ikaanza kulia pi, pi,
na kwenye kioo 1850 yangu ikisubiri,
haijahifadhiwa.

Nikampigia. Akadhani nadai.
Nikamweleza mimi ni nani. Akauliza,
"Na Zablon, yuko salama?"
Nikasema sijui. Kweli sijui.
"Mimi kazi nilipata tangu Machi," akasema.
"Nimekuwa nikingoja anipandishie.
Sasa mtu ataanzaje
kuomba aongezewe bei?"

Mvua ikagonga mabati ya jirani, nikamwomba arudie.

"Weka elfu moja," akapaza sauti.
"Hiyo ingine tutaongea Januari."

Meneja atauliza kuhusu safu hii, najua.
Ripoti yake haipendi safu isiyofanana na wenzake.
Stima iliporudi nikajaza:
bei, elfu moja. Kuanzia, tarehe mosi.
Sababu: Nyingine.

ameomba mwenyewe

Pembeni, kwa maandishi madogo ya kijivu,
mfumo ukanihesabia herufi arobaini na nne zilizobaki.
Nikaziacha.