Salfa

Jina tulilipata mwezi wa sita, mikorosho ikichanua.
Hokororo alirudi shamba na pampu mgongoni,
kope za manjano, ndevu za manjano, anakohoa,
akaketi kwenye dramu bila hata kunawa.
Kila alipopiga, vumbi likaruka.
Editha akasema: basi, tusitafute jina tena.

Tulikuwa wanne, Masasi, nyuma ya mashine ya kusaga.
Kodi tatu za gitaa tulizijua;
ya nne ilikuwa ya halmashauri, hiyo hatukulipa.
Tulipiga mbio kama watu wanaodaiwa,
ila Editha na Dismas walikulia kwaya,
hata matusi yao yalitoka na sauti ya pili.
Watu wakauliza huu muziki gani.
Mimi, wa besi, nikawajibu: korosho.
Ganda lake linababua midomo.
Bangua kwanza.

Mtama tulipiga ghalani, juu ya magunia matupu,
watu thelathini na mmoja, pamoja na mlinzi.
Newala walitulipa madumu sita ya maji
na huko juu maji si mzaha;
tulirudi tumeyakumbatia kama watoto wachanga.
Lindi tulirekodi chumba cha magodoro ukutani,
kwa fundi aliyezoea kaswida.
Wimbo wa kwanza ukaisha. Akasubiri.
Akauliza, mwisho wake uko wapi?
Hokororo akamwambia, umeshapita, mzee.

Kisha mwaka ule malipo yalikawia.
Dismas akaandika "Malipo ya Pili",
dakika moja na nusu, beti mbili,
ya kwanza ya mkulima, ya pili ya mwenyekiti na tumbo lake.
Kanda ikatembea kuliko sisi:
Nachingwea, Ndanda, Nanyumbu,
ikaimbwa foleni ya mizani,
ikaimbwa na akina mama wabanguaji, vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.

Mwenyekiti hakukasirika.
Hilo ndilo lililotumaliza.
Alituita kwenye sherehe ya chama kikuu,
fulana nne, pilau, spika mpya kutoka Mtwara mjini,
akaomba kitu kidogo tu, ubeti wa pili upumzike.
Dismas akasema: mama yangu ana sukari.
Editha hakusema kitu.
Mimi nilivaa fulana. Naandika hili nikijua nilivaa.

Tukapiga. Ubeti wa kwanza ukapita.
Palipotakiwa kimya tukaacha kimya,
gitaa na dramu vikikimbia vyenyewe,
na uwanja mzima ukaujaza,
mwenyekiti, tumbo, yote,
wanawake juu, wanaume chini,
sauti ya pili ikiwa imenyooka kuliko yetu.
Editha aliinamisha maiki kuwaelekea.
Hatukupiga pamoja tena.

Hapakuwa na ugomvi wa kuhadithia.
Hokororo kifua kilimkataa; daktari aliuliza amevuta nini
akajibu, jina la bendi.
Dismas anapiga harusi Dar es Salaam, taratibu, amevaa tai.
Editha anafundisha hisabati Nanyumbu,
wanafunzi wanasema anagonga ubao kwa chaki
moja-mbili-tatu-nne kabla ya kila swali.
Besi iko juu ya kabati langu, nyuzi tatu.
Ile ya nne nilifungia kuku.

Mimi napima korosho ghalani.
Juzi mpagazi mmoja, kijana, hata hatukuwa tumeanza alipozaliwa,
alishusha gunia huku akiguna kitu.
Sikukitambua mara moja
kwa sababu hakuwa akiimba wimbo wenyewe;
aliimba sauti ya pili peke yake,
kama aliyeachiwa ufunguo, nyumba hajui iko wapi.

Nilitaka kumuuliza kaupata kwa nani.
Mwenzake alishamtwika gunia jingine.
Nikaandika kilo themanini na moja na nusu,
na mguu wangu, chini ya meza,
ukatangulia mbio.