Pampu ya Bure, Barabara ya Nane

Kizuri chajiuza, alisema marehemu baba,
nami nikaisadiki kauli hiyo miaka kumi na mmoja,
nimechuchumaa kibarazani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
spana mkononi, grisi hadi viwikoni,
nikingoja kizuri changu kijiuze.

Kilikaa. Kilinitazama.
Rimu niliyoinyoosha ikazunguka bila kutikisika
haikuwa na mdomo wa kuwaambia watu wa Makorora.

Kisha Hoza akafungua duka ng'ambo ya barabara:
vibendera vya plastiki, spika mbili mlangoni,
sauti ya mtu asiyemeza mate, tangu asubuhi,
bei chee, bei chee, nunua baiskeli upewe kengele.
Wateja wangu wakapita na kengele zao mpya,
kring, kring, wakinisalimia kwa adabu,
na adabu, ndugu yangu, hailipi kodi ya fremu.

Mpwa wangu Shembilu, kamaliza chuo, kazi hana,
akaja na simu: "Mjomba, nikupige picha,
nikurushe kwenye magrupu."
Nikatoka kama mtu aliyekamatwa na baiskeli ya wizi.
Watu arobaini walipenda.
Mmoja aliuliza bei. Yuko Mbeya.

Usiku ule nikafungua daftari la madeni
nikaacha tarakimu, nikasoma majina.
Mwalimu Nakijwa, pedali ya kushoto, Februari.
Kibwana wa maziwa, ekseli, mara tatu, kisha kimya.
Bi Mwanahamisi, kiti cha mtoto, mia tano nilimwachia.
Hawa wote nilikuwa nao. Nani aliwaaga?
Mji wetu wausifu kwa waja leo, waondoka leo;
mwenye spana hali kwa msemo huo.

Nikampigia Kibwana. "Ekseli inaendaje?"
Akanyamaza.
"Unanidai?" akauliza.
"Sikudai. Nauliza ekseli."
Akacheka hadi nikasikia madumu yakigongana.
Kesho yake alikuja, na mwenzake wa Duga,
na huyo mwenzake akaja na shemeji
mwenye baiskeli isiyo na breki hata moja,
anayesimama kwa kuburuza kandambili.

Ndipo nikaifunga pampu kwa mnyororo kwenye nguzo,
na kwa rangi iliyobaki ya mlango wa choo
nikaandika ukutani, herufi zikipanda mlima:

*Karibu kwake Mhina, upepo ni bure kwako,*
*Pampu ipo, neno sina, jaza gurudumu lako,*
*Likivuja tutaona, bei haina vituko,*
*Waja leo, kesho tena, wa mjini na wa huko.*

Wanafunzi ndio walioanza,
wakajaza hata mipira ya miguu, sikuwakemea.
Wakawaleta baba zao.
Mmoja wa baba hao alikuwa na kengele ya Hoza
na mnyororo uliolegea kama mkufu wa bibi harusi.
Nikaukaza. Nikaandika jina, simu, rangi ya baiskeli.
Kuhusu Hoza sikusema neno.

Sasa Hoza mwenyewe huwaelekeza, kwa kidevu,
"Mpeleke kwa yule pale."
Yeye anauza mpya, mimi naziponya zilizochoka,
na spika zake, niseme kweli, hunisaidia:
mtu hushtuka, hugeuka, huniona.

Mwezi wa tatu pampu ikaibwa.
Mnyororo waliniachia.
Shembilu akasema, "Mjomba, ukarimu una mwisho,"
mkewe Hoza akanipa pole kuvuka barabara,
Kibwana akatukana kwa Kibondei, matusi ya zamani.
Mimi nikaenda sokoni, nikanunua nyingine.

Jioni nikatafuta pa kuiandika.
Ukurasa wa hasara ulikuwa wazi, ukinisubiri.
Nikaupita. Nikafungua karatasi safi,
nikaandika juu, kwa herufi kubwa: MATANGAZO,
na chini yake: pampu moja, elfu kumi na nane.

Aliyeiiba naye ana magurudumu.
Siku moja atapata pancha.