Kisigino Hakioni Giza

Salfa ilinirudia usoni kwenye mkorosho wa tatu
kutoka mpakani kwa Likapa;
upepo uligeuka, bomba bado linanguruma mgongoni.
Sasa niko Ndanda, wodi ya macho, kitanda cha dirishani
(ndivyo walivyoniambia, dirisha lenyewe sijaliona),
bandeji imezunguka kichwa mara nne.

"Unaona nini?" huuliza nesi kila zamu.
"Naona giza."
Huandika. Nasikia kalamu.

Jirani yangu, Bi Skolastika, ana mtoto wa jicho,
na mtoto wa tumbo, Kasiani, frateri wa falsafa,
anayetupumbaza kwa habari za Wayunani wa kale.

Mmoja wao, asema, alilifananisha jicho na kandili:
moto umefungwa ndani, ngozi laini zinaukinga na upepo.
Nikacheka. La kwangu lilikuwa koroboi, basi.
Upepo mmoja tu wa Julai, fyuu.

Mwingine alisema moto wa jicho hutoka nje
kumtafuta ndugu yake, moto wa mchana;
hushikana mikono, ndipo mti unakuwa mti.
Usiku hutoka, hupiga hodi, ndugu hayupo,
hurudi kulala.
Huyo nilimwelewa.
Nami nimepiga hodi siku tisa.

Wa tatu alisema giza si kitu.
Si moshi, si kaniki iliyotandazwa angani.
Ni hewa ile ile, angavu, inangoja nuru,
na jicho hulijua giza kwa kukosa,
kama ulimi unavyojua mchuzi haukutiwa chumvi.

Saa nane usiku feni ikakata pumzi.
Wodi nzima: "Haa! Umeme!"
Bi Skolastika akaninong'oneza, "Giza hili unalionaje?"
"Lipi, mama? Lako au langu?"

Kisha nikalala chali, nikajipima.
Kisigino kimefunikwa shuka tangu jana:
hakioni giza.
Goti halioni giza. Kiwiko, wala.
Ni hapa tu, nyuma ya bandeji, weusi unapoonekana,
mpana, hauna hata tundu la sindano.
Basi kuna mtu zamu.
Kuna mlinzi kibandani, hajaona yeyote akipita,
na anajua kwamba hajaona.

Asubuhi nesi akauliza, unaona nini.
Nikamjibu lile lile, giza,
ila kwa sauti ya mtu anayetaja mali yake.

Kalamu ikasita.